Mganga wa Wadogo: Maisha ya Profesa Jérôme Lejeune (1926–1994)



Katika kitabu hiki cha Yubile tunawakumbuka wale waliotuletea Imani: mapadri, masista na wakatekista wa kwanza. Ni haki kufanya hivyo. Lakini siku ya karamu inatupasa kutazama vile vile ni nani hakufika mezani. Sisi wakatekista tunaopita nyumba kwa nyumba kuwaandika watoto wa mafundisho tunalijua jambo moja la huzuni. Mama anawahesabu watoto wake mbele yetu, anawataja watano, na wa sita anaketi nyuma ya nyumba. Hakutajwa kwa sababu ulimi wake ni mzito, au miguu yake imekakamaa tangu kuzaliwa, au akili yake inakawia. Majirani wanasema amelaaniwa. Wengine wanasema mama yake alikosa jambo, na mama mwenyewe, kwa kusikia maneno hayo kila siku, mwishowe anayasadiki.

Kwa ajili ya mtoto huyo wa sita tumeona vema kueleza hapa maisha ya mganga mmoja Mkristu wa Ufaransa. Alijulikana duniani kwa elimu yake, lakini moyo wake ulikaa kwa watoto ambao hakuweza kuwaponya.

Utoto na masomo

Jérôme Lejeune alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita mwaka 1926 katika mji wa Montrouge, karibu na Paris. Alikulia Étampes, mji mdogo ulioko kusini ya Paris, pamoja na ndugu zake wawili. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alisoma kitabu cha mwandishi Balzac kinachoitwa Le Médecin de campagne, ambacho kinaeleza habari za mganga aliyejitoa kabisa kwa maskini wa kijiji cha milimani. Kijana alipomaliza kukisoma alikuwa amekata shauri: naye atakuwa mganga wa namna ile, mganga wa watu wadogo, mbali na miji mikubwa.

Mungu alimpeleka kwa njia nyingine. Jérôme alisoma uganga katika Paris, akatamani kuwa mpasuaji. Kwa kupata cheo hicho ilimpasa kushinda mtihani mkubwa wa hospitali za Paris. Akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa. Mara ya mwisho alipanda metro, ni kusema gari-moshi liendalo chini ya udongo, lakini alishika ile iliyoelekea upande mwingine. Alipofika pahali pa mtihani, saa ilikuwa imepita. Hakujaribu tena. Watu wengi wangehesabu siku ile kuwa msiba. Sisi tunaotazama nyuma tunaona kwamba mlango ule ulifungwa ili mwingine ufunguliwe.

Mwaka 1951 alipokea cheo cha daktari. Mwaka uliofuata, tarehe 1 mwezi wa tano 1952, alifunga ndoa na Birthe Bringsted katika mji wa Odense, nchi ya Denmark. Birthe alizaliwa katika kanisa la Kilutheri, akaingia katika Kanisa Katolika kabla ya ndoa. Mungu aliwajalia watoto watano. Bibi huyo alikuwa mwenzake wa kweli katika furaha na katika mateso mpaka mwisho, kama tutakavyoona.

Watoto waliodharauliwa

Mwaka ule ule wa 1952 Lejeune aliingia kazini chini ya Profesa Raymond Turpin, mganga wa watoto aliyekuwa akichunguza tangu miaka mingi ugonjwa uliokuwa ukiitwa wakati ule umongoli. Yatupasa kueleza maana ya jina hilo. Mwaka 1866 mganga Mwingereza, John Langdon Down, alieleza sura ya watoto fulani: macho yao yameinuka kidogo kando, uso wao ni wa duara, viungo vyao ni legevu, akili yao inakawia kukua. Kwa sababu ya macho yale aliwalinganisha na watu wa Mongolia, na jina likabaki. Lilikuwa jina la kudharau mataifa mawili kwa mara moja: watoto wale, na watu wa Asia.

Hakuna aliyejua sababu ya hali ile. Na pahali ambapo sababu haijulikani, watu huitunga. Wengine walisema wazazi walikuwa walevi. Wengine walisema walikuwa na ugonjwa wa zinaa. Hivi mama aliyezaa mtoto wa namna ile alibeba mizigo miwili: kumlea mtoto mgonjwa, na kuvumilia macho ya jirani. Wengi waliwaficha watoto wao, au waliwapeleka katika nyumba za kufungia wagonjwa wa akili. Ndugu wapenzi, tusifikiri ya kuwa mambo hayo ni ya kwetu tu. Ulaya yenye hospitali na shule kubwa ilikuwa nayo.

Lejeune alianza kazi kwa kutazama mikono ya watoto. Pamoja na Turpin alichora mistari ya viganja vyao, akaona kwamba mistari ile ina namna yake ya pekee. Basi mistari ya kiganja hutengenezwa mapema sana, mtoto akiwa bado tumboni. Ikiwa mistari imegeuka, ni kusema sababu ya ugonjwa ilitangulia: haikutoka katika jambo ambalo mama alilifanya siku za mwisho, wala katika kuzaliwa kwenyewe. Ilipaswa kutafutwa katika mwanzo kabisa wa uhai.

Kromozomu ya arobaini na saba

Mwili wa mtu umejengwa na chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna nyuzi fupi zinazoitwa kromozomu, nazo huchukua urithi ambao mtoto anaupokea kwa baba na kwa mama. Mwaka 1956 wataalamu wawili, Tjio na Levan, walionyesha katika Sweden ya kuwa mtu ana kromozomu 46, ni kusema jozi 23. Kabla ya hapo watu wa elimu walihesabu 48 kwa makosa.

Kwa kuzihesabu kromozomu ilipasa kwanza kuzikuza chembe za mtu katika chupa, na kazi hiyo haikujulikana katika hospitali ya Turpin. Aliyeijua alikuwa mwanamke, mganga Marthe Gautier, ambaye alijifunza kukuza chembe huko Boston, katika Marekani. Aliporudi alijenga laboratori ndogo katika hospitali Trousseau ya Paris kwa vyombo vichache, hata akatumia damu yake mwenyewe kwa kulisha chembe zile. Kwa ustadi wake, mwaka 1958, chembe za mtoto mgonjwa zilionekana wazi chini ya mikroskopi. Lejeune alizihesabu, akazipiga picha. Hesabu haikuwa 46. Ilikuwa 47. Kromozomu ya ishirini na moja, ambayo kwa kawaida ni mbili, ilikuwa tatu. Kwa hiyo ugonjwa uliitwa trisomia 21.

Habari hiyo ilitangazwa katika Akademia ya Elimu ya Paris tarehe 26 mwezi wa kwanza 1959, kwa majina ya watu watatu: Lejeune, Gautier na Turpin. Jina la Lejeune lilitangulia, na lile la Bibi Gautier liliandikwa kwa makosa. Miaka mingi ikapita, na sifa ikamwendea Lejeune karibu peke yake. Marthe Gautier, akiwa mzee, alieleza hadharani ya kuwa alinyimwa haki yake. Mwaka 2014 baraza la maadili la Inserm, shirika la Serikali ya Ufaransa kwa uchunguzi wa uganga, lilitoa shauri kwamba haielekei Lejeune awe ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi katika uvumbuzi ule. Bibi Gautier alifariki mwaka 2022. Tunaandika jambo hili bila kulificha, kwa sababu Mkristu hahitaji uwongo kwa kumheshimu ndugu yake. Kazi ile ilikuwa ya watu watatu, na sehemu ya mwanamke yule ni kubwa.

Matunda yake yalikuwa ya watu wote. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi ya kuwa ugonjwa wa akili unaweza kutoka katika kromozomu. Na kwa mara ya kwanza mganga aliweza kumwambia mama, akiwa na picha mkononi, ya kuwa hakukosa lolote. Hakuna aliyemloga. Hakuna dhambi iliyoadhibiwa. Aibu iliyowalemea wazazi kwa muda mrefu iliondolewa na uzi mmoja mdogo unaoonekana chini ya mikroskopi.

Heshima na msalaba

Baada ya hapo heshima zilifuatana. Mwaka 1962 Rais John Kennedy wa Marekani, ambaye alikuwa mwenyewe na dada mwenye upungufu wa akili, alimpa Lejeune tuzo ya shirika la jamaa ya Kennedy. Mwaka 1963 Lejeune na wenzake walivumbua ugonjwa mwingine, ambao ndani yake kipande cha kromozomu ya tano kimekosekana, na kitoto kilicho nao hulia kama paka mdogo. Mwaka 1964 Universite ya Paris ilimfanya kuwa profesa wa kwanza wa elimu ya urithi katika shule yake ya uganga. Hakuwa bado na miaka arobaini.

Lakini uvumbuzi ule ulikuwa na upande mwingine, nao ulimchoma moyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 waganga walijua kuvuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto tumboni, na kuhesabu kromozomu zake kabla hajazaliwa. Lejeune alitafuta ugonjwa ili apate dawa yake. Sasa wengine walitaka kutumia hesabu ile ile kwa kumtafuta mgonjwa na kumwondoa. Elimu aliyoitoa kwa kuwatetea watoto wake ikawa taa ya kuwawinda.

Mwaka 1969 alialikwa San Francisco kupokea tuzo William Allan, ambayo ni kubwa kuliko zote katika elimu ya urithi huko Marekani. Ukumbi ulijaa watu wa elimu, na katika wao walikuwamo wengi waliokubali kutoa mimba za watoto wenye trisomia. Angaliweza kushukuru kwa adabu, akaketi. Lakini alisimama, akaeleza ya kuwa mtoto ni mtu tangu siku ile ya kwanza anapotungwa mimba, na ya kuwa kazi ya mganga ni kushindana na ugonjwa, si kumshambulia mgonjwa. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa baridi. Alimwandikia bibi yake ya kuwa siku ile alikuwa amepoteza Tuzo ya Nobel. Tuzo hiyo hakuipata kamwe.

Katika Ufaransa vita ilikuwa nzito vile vile. Mwaka 1970 wabunge walianza kujadili sheria ya kuruhusu kutoa mimba za watoto wenye vilema. Husimuliwa ya kuwa siku moja, baada ya majadiliano kupita katika televisheni, mtoto mmoja mwenye trisomia alifika katika chumba cha kutibia akilia. Alimwambia mganga ya kuwa watu wanataka kuwaua, na kwamba wao hawana nguvu ya kujitetea. Basi yeye awatetee. Kwa wale waliomjua, tangu siku ile Lejeune hakunyamaza tena. Alisema katika mikutano, katika magazeti, mbele ya mahakama na mbele ya wabunge. Kuta za shule yake ya uganga ziliandikwa matusi na vitisho juu yake. Mikutano yake ilivurugwa. Sheria ilipigiwa kura, ikatangazwa mwezi wa kwanza 1975. Rafiki wengi walimwacha, mialiko ikapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za Serikali kwa uchunguzi wake zilikatwa. Ikampasa kusafiri na kutoa mafundisho katika nchi za mbali, ili apate msaada wa kulipa wafanyakazi wa laboratori yake. Bibi yake alichukua sehemu kubwa ya mzigo huo pamoja naye.

Wale waliobishana naye hawakumsikia akiwatukana. Alitenganisha mtu na neno la mtu. Na wazazi waliokuwa wamepotewa na njia waliupata mlango wake wazi sawa na wengine.

Katika hospitali Necker

Kama tungemtazama katika mabishano tu, hatungemjua. Kazi yake ya kila siku ilikuwa katika hospitali Necker ya Paris, hospitali ya watoto wagonjwa. Huko alipokea watoto elfu nyingi katika maisha yake, wenye trisomia na wenye magonjwa mengine ya akili, kutoka Ufaransa na kutoka nchi za ngambo. Aliwajua kwa majina. Wazazi waliofika na kitoto kilichozaliwa karibuni, macho yao yakiwa yamevimba kwa kulia, walimwona kwanza akimchukua mtoto, akimtaja jina lake, akimsemesha. Maelezo ya ugonjwa yalikuja nyuma. Baba na mama waliingia na ugonjwa mikononi, wakatoka na mtoto.

Hakuwadanganya. Aliwaambia wazi ya kuwa dawa haijapatikana, na kwamba mtoto atakawia kutembea, atakawia kusema, atahitaji saburi. Akawaeleza vile vile ya kuwa atajua kupenda, na kwamba moyo wake na masikio yake yachunguzwe mapema, kwa sababu watoto wale huugua mara nyingi katika viungo hivyo. Kisha alirudi katika laboratori kutafuta ni kitu gani kinachoharibika katika mwili kwa sababu ya kromozomu ile ya ziada, akitumaini kukirekebisha. Alitafuta hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa ya kawaida. Alipita katika Paris kwa baiskeli. Alirudi kula pamoja na bibi yake na watoto, na jioni jamaa yote ilisali pamoja. Hakuwa mtu wa mali.

Rafiki wa Baba Mtakatifu

Kanisa liliona kazi yake. Mwaka 1974 Papa Paulo VI alimwita katika Akademia ya Kipapa ya Elimu. Mwaka 1981, kwa jina la Akademia hiyo, alikwenda Moscow pamoja na wenzake kumweleza kiongozi Brezhnev hatari za silaha za atomiki. Alikuwa pia na urafiki wa pekee na Papa Yohane Paulo II. Tarehe 13 mwezi wa tano 1981 yeye na bibi yake walikula chakula cha mchana pamoja na Papa. Saa chache baadaye Papa alipigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro.

Mwezi wa pili wa mwaka 1994 Papa aliunda Akademia ya Kipapa kwa ajili ya Uhai, akamweka Lejeune kuwa mkubwa wake wa kwanza. Kazi hiyo ilidumu majuma machache tu. Tangu mwezi wa kumi na moja 1993 waganga walikuwa wamemwona na kansa ya mapafu. Dawa zilimtesa sana. Watoto wake wameeleza ya kuwa katika siku za mwisho walimwuliza kama ana kitu cha kuwaachia wagonjwa wake wadogo. Alijibu ya kuwa hana kitu, kwa kuwa alikwisha kuwapa maisha yake, na maisha yake ndiyo yote aliyokuwa nayo. Alilia kwa sababu alipaswa kuwaponya, na sasa alikuwa anakwenda bila kuona dawa.

Alifariki asubuhi ya Pasaka, tarehe 3 mwezi wa nne 1994. Misa ya maziko yake ilifanywa katika kanisa kubwa la Notre-Dame de Paris, na katika umati wa watu wa elimu na wa vyeo waliketi watoto wake wa Necker pamoja na wazazi wao. Mmoja wao, kijana mwenye trisomia, alishika kipaza sauti akamshukuru mbele ya wote.

Lejeune alizikwa katika kijiji cha Chalo-Saint-Mars, karibu na Étampes alikokulia. Tarehe 22 mwezi wa nane 1997, alipofika Paris kwa siku za Vijana wa Dunia, Papa Yohane Paulo II alikwenda kusali kaburini pake. Jamaa na rafiki zake walianzisha shirika lenye jina lake, linaloendelea kuwatunza wagonjwa na kutafuta dawa. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2021 Papa Fransisko alithibitisha fadhila zake za kishujaa, na tangu hapo Kanisa humwita Mheshimiwa, cheo kinachotangulia kile cha Mwenye Heri.

Neno kwa parokia yetu

Ndugu wapenzi, sisi hatuna laboratori wala mikroskopi. Lakini kile alichowapa wazazi kabla ya maelezo yote, ni kusema kumchukua mtoto na kumtaja jina, hakihitaji fedha. Yezu Kristu aliwaita wadogo waje kwake, wala hakuweka sharti ya kutembea au ya kusema vizuri.

Basi katika mwaka huu wa Yubile, kila shirika la parokia liwatafute watoto wanaoketi nyuma ya nyumba. Wapelekwe kwa mganga bila kukawia, kwa sababu wengine wana ugonjwa wa moyo au kifafa, na magonjwa hayo yanatunzwa. Waandikwe katika mafundisho pamoja na wenzao. Katekista atajifunza kwenda polepole. Wapewe nafasi ya kuketi kanisani, mbele, pamoja na mama zao. Na mtu asithubutu tena kumwuliza mama huyo alikosa nini.

Na tutakapokuja tena kuandika majina, mama ataje watoto wote sita.